Wanaume Kulia, Wanawake Kushoto

Nakumbuka Jumapili moja mchana, mwanangu, pale Suneka, kanisa la zamani lilipokuwa limegeuzwa sinema. Waumini walikuwa wamejenga la mawe ng'ambo ya barabara. Mfanyabiashara mmoja akalichukua lile la mabati, akaziba madirisha kwa magunia, akatundika shuka jeupe palipokuwa na mimbari. Mlangoni alimwacha Mzee Ombati, mzee wa kanisa, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kumwomba arudishe ufunguo.

Picha zilibadilika, Mzee hakubadilika. Wanaume kulia, wanawake kushoto, kofia mkononi. Na sisi, kwa mazoea, tuliinamisha vichwa kabla picha haijaanza.

Mimi niliuza ndizi sokoni. Kupatana bei ndiyo ilikuwa shule yangu. Nilimpenda Kemunto wa Marani, ila sikuwa nimemwambia. Siku hiyo nikasikia kwamba kesho yake wazee wa kijana fulani wa Kiogoro wanakwenda kumposa. Nikamwendea Mzee, nikaanzia juu.

"Mzee, Kemunto yumo ndani. Niruhusu nikae kando yake."

"Hapana."

"Basi benchi la nyuma yake."

"Hapana."

"Basi neno moja tu."

Akanipima kwa macho. "Hilo chukua. Lakini humu ndani mwenye neno husimama."

Nikadhani nimepata kwa bei nafuu. Kumbe! Picha iliposimama ili mkanda ubadilishwe, Mzee alifunua gunia dirishani, mwanga ukajaa, akatangaza, "Yupo kijana mwenye ushuhuda!"

Niliutazama mlango. Nikautazama tena. Ulikuwa mbali mara zote mbili. Nikasimama.

"Kemunto, hao wa Kiogoro wasijisumbue. Nataka kuleta wazee wangu."

Upande wa kushoto ukaangua kicheko. Kemunto naye akasimama.

"Wewe wa ndizi! Kila nikija unanipunguzia bei, nikadhani hujui hesabu. Walete kesho, na wawahi!"

Nyumba nzima ikaitikia, "Amina!"

Mpaka leo mama yako hukaa kushoto kwangu.

Kwa hiyo, mwanangu, neno jema usilifiche gizani. Simama watu wakuone, liseme, kisha ungoje jibu bila kukimbilia mlango. Mungu akupe miguu isiyotetemeka siku hiyo, na akuzungushie watu wa kuitikia amina.