Tundu kwenye Paa la Gari la Wagonjwa

Niliporudi Tukuyu, watahini walikuwa wameirudisha tasnifu yangu ya uzamili wa uhandisi wa mawasiliano kwa marekebisho makubwa, na mikono yangu ilikuwa imeanza kutetemeka hata nikimimina chai. Mjomba, ambaye ni dereva wa gari la wagonjwa, hakuuliza habari za chuo. Aliuliza kuhusu redio ya upepo.

"Nikienda Kinyala kumchukua mgonjwa, hospitali wananisikia. Nikirudi naye, kimya. Juzi nimemleta mama wa kujifungua, tumefika daktari ndiyo kwanza anatafutwa. Wanasema ni ukungu."

Niliichambua kauli hiyo kupita kiasi, kama kawaida yangu. Ukungu wa Rungwe haubagui safari ya kwenda na ya kurudi. Kilichobadilika ni uelekeo wa gari. Antena ilifungwa kwenye ngao ya mbele, bodi lote la bati likiwa nyuma yake, na antena iliyowekwa hivyo hurusha mawimbi zaidi kuelekea upande wenye bati. Gari likiipa hospitali mgongo, sauti ilifika; likiielekea, ilififia.

Mjomba alitaka antena ndefu zaidi, palepale mbele. "Kama za wanajeshi." Mimi nilichagua fupi, ya karibu nusu mita, isimame katikati ya paa, bati liizunguke sawasawa. Niliifikiria ya sumaku, isiyohitaji tundu, nikaiacha: majani ya migomba yanayoinamia njia ya Kinyala yangeing'oa kabla ya kona ya kwanza.

"Sasa hapo katikati utaifunga kwenye nini?"

"Tutatoboa, mjomba."

"Utoboe paa? Tukuyu hii?" Akamgeukia muuguzi wa zamu ya redio, mama wa Kitanga aliyehamishiwa kwetu. "Dada, umesikia? Digrii ya pili imekuja kuwanyeshea wagonjwa."

"Mwache atoboe, kaka. Kwani huku kuna aliyewahi kukauka?"

Msimamizi wa magari aliridhia kwa sharti: paa likivuja, tundu lingezibwa na antena ingerudi kwenye ngao. Nilijua maana yake. Mgonjwa angeendelea kufika bila taarifa, na mimi ningekuwa nimekosea tena mbele ya watu.

Nilipima, nikafuta alama, nikapima upya. Nilisubiri mikono itulie, haikutulia. Mjomba aliona. Alikishika kiwiko changu mpaka ncha ya drili ikatulia juu ya alama.

"Haya, mpwa wangu. Toboa."

Nilikwangua rangi chini ya paa, kuzunguka tundu, hadi bati likang'aa, kwa sababu antena ambayo kitako chake hakigusi bati tupu ni fimbo tu. Nikaweka raba, nikazungushia silikoni, nikapitisha waya ndani ya dari hadi kwenye redio. Tulipohakikisha silikoni imekauka, tulikwenda Kinyala kuijaribu, bila mgonjwa, tukaligeuza gari lielekee hospitali, mahali palepale ambapo sauti ilikuwa ikipotea.

Mjomba akabonyeza kitufe. Alikulia kwenye nyumba ambamo hakuna neno linalotangulia salamu, basi akaanza: umeamkaje, watoto je, mvua huko vipi, yule mgonjwa wa jana amekula?

"Amekula, kaka," muuguzi akajibu, sauti yake safi kana kwamba amekaa siti ya nyuma. "Mgonjwa wako wa leo ana nini, au amekufa tukisalimiana?"

Mjomba alicheka hadi akakiachia kitufe.

Mvua ilitukuta njiani kurudi, ile ya kwetu, isiyo na haraka ya kukatika. Mjomba aliendesha kwa mkono mmoja. Mwingine aliuinua, akaubandika kwenye dari chini ya antena na kuuacha hapo, kona baada ya kona. Tulipoingia Tukuyu aliushusha, akautazama, kisha akanipa niushike.

Ulikuwa mkavu. Nikaona kwamba hata wangu ulioushika haukuwa ukitetemeka.