Amplifaya ya Kaka Mtu

Siku tano za wiki Breki alizitumia kuokoa roho yake mwenyewe. Alikuwa mama anayefundisha udereva. Alikaa kiti cha abiria akiwa na pedali yake ya pili, akipelekwa mitaroni na kwenye migongo ya malori na watu ambao bado walikuwa wakichanganya kulia na kushoto. Neno alilolitamka kutwa mara nyingi kuliko majina ya wanawe lilikuwa "Breki!", na mtaa nao haukujisumbua kumtafutia jina jingine. Jumamosi alipumzika, na kupumzika kwake kulikuwa kupiga gitaa la solo katika bendi ya harusi.

Jumatatu moja, saa ya chakula cha mchana, kaka yake alimpigia simu.

"Mdogo wangu, nimepata likizo. Jumamosi nakuja. Mnapiga?"

"Tunapiga, Kaka. Harusi inaanza saa tisa ukumbini."

"Basi nitapitia huko huko." Kisha akauliza, "Amplifaya ipo?"

"Ipo," akajibu Breki.

Alipokata simu akabaki ameshika usukani wa gari lililosimama, mikono imemlowa jasho. Amplifaya ilikuwepo, ndiyo. Lakini haikuwa ile.

Ili kulielewa jasho hilo, lazima ujue kaka huyo alikuwa nani. Wazazi wao walipofariki, Breki alikuwa na miaka kumi na mmoja na kaka mtu ishirini. Ndiye aliyemlea, akamsomesha, akamfundisha gitaa wakiwa wameketi ukingoni mwa kitanda kimoja. Miaka ishirini na miwili iliyopita aliacha muziki ghafla, akaenda kufanya kazi ya ghala nchi ya mbali, akamwachia mdogo wake gitaa na amplifaya ya taa. Taa hizo si za kumulika. Ni valvu za kioo, zile za zama za redio kubwa kama kabati, ambazo lazima uzisubiri zipate moto ndipo zitoe sauti. Amplifaya yenyewe ilitengenezwa kabla Breki hajazaliwa.

Aliiacha na amri mbili. Ya kwanza: fundi yeyote asiiguse, kwa sababu fundi akiingiza bisibisi tu, sauti inakimbia. Ya kale ni dhahabu, na dhahabu haichokonolewi. Ya pili: asiipige bila malapa ya mpira miguuni. Amri ya kwanza Breki aliishika kama dini. Ya pili aliiona ushirikina wa wanamuziki, lakini alitii kwa heshima, na ndiyo maana albamu za harusi za mji mzima zina picha ya mwanamke mwenye gauni la kumetameta na malapa ya bafuni.

Na sauti! Tusiseme uongo, ile mashine ilikuwa na sauti. Noti ilianza na asali ikamalizia na pilipili. Wapiga muziki wana neno lao kwa sauti kama hiyo: husema inauma. Kila mara kaka alipopiga simu, baada ya salamu na habari za watoto, alishusha sauti na kuuliza, "Ile mashine, bado inauma?" Breki naye alijibu kwa fahari, "Inauma sana, Kaka! Juzi imeuma mpaka bwana harusi kalia!" Upande wa pili kukawa kimya. Breki alidhani ni hamu ya gitaa, akamwonea huruma.

Sasa, mwaka jana, kwenye harusi ya watu wenye majina yao, mama wa bibi harusi aliyaona yale malapa akakataa katakata yasipande jukwaani. Breki akaazima viatu vya ngozi. Sakafu ilikuwa imepigwa deki muda si mrefu na bado ilikuwa mbichi. Akawasha, akasubiri taa zipate moto, akagusa nyuzi. Umeme uliingilia vidoleni ukatokea miguuni, ukamtupa kinyumenyume juu ya ngoma. Wageni walipiga makofi. Walidhani ndiyo ufunguzi.

Jumatatu yake aliivunja amri ya kwanza. Akaipeleka mashine kwa fundi mmoja, mwanamke wa makamo aliyeitwa Risasi kwa sababu ya risasi anayoyeyusha kutwa kuungia nyaya. Risasi alifungua bati la nyuma, akaangalia ndani, akavua miwani.

"Mama, umeipiga hii miaka mingapi?"

"Ishirini na mmoja."

"Basi nenda katoe shukrani. Haina waya wa kwenda ardhini. Hii kapasita imeoza, inapitisha umeme mpaka kwenye bati, na bati limeungana na nyuzi za gitaa lako. Kushika gitaa ni sawa na kuingiza kidole ukutani. Kilichokuwa katikati yako na kaburi ni hizo ndala zako."

Breki akauliza kama inatengenezeka. Risasi akasema inatengenezeka: atabadilisha kapasita, ataweka plagi ya pini tatu yenye waya wa ardhini. Lakini transfoma nayo ilikuwa inanuka kuungua, na kwa transfoma hakutoa ahadi. "La kuvunda halina ubani," alisema. Kisha akamwambia kuwa kampuni iliyotengeneza mashine hiyo imeanza kuitoa upya. Sura ile ile, vitufe vile vile, idadi ya taa ile ile. Duka la ala za muziki lilikuwa nayo moja dirishani.

Wakaenda watatu: Breki, Risasi, na mume wa Breki, ambaye ni kinyozi na hana sikio la muziki hata la dawa. Risasi alikuwa ameishikiza ile kongwe kwa muda ili isiue mtu. Zikawekwa bega kwa bega, na Breki akapiga kipande kimoja huku, akahamisha waya, akakipiga kule. Kinyozi aliambiwa ageuke asione, asikilize tu.

"Unasemaje?" Breki akauliza.

"Zote zina kelele," akasema kinyozi.

Lakini Breki alisikia. Mwishoni mwa noti, pale sauti inapokaribia kufa, ile kongwe ilikuwa inajipinda kidogo, kama mgeni aliyefika mlangoni akakumbuka neno. Mpya iliaga ikaondoka zake. Tofauti ilikuwa ndogo, na ilimuuma kwa kuwa alijua hakuna mwingine atakayeisikia. Alirudi nyumbani bila kununua kitu. Siku mbili akala bila hamu. Siku ya tatu alikuwa barabarani na mama mmoja mwanagenzi, aliyekuwa akisifia gari la shemeji yake linavyokwenda kasi, na Breki akamjibu kama anavyowajibu wote: "Mama, gari zuri si linalokwenda. Ni linalosimama." Akajisikia mwenyewe. Akamwelekeza yule mama kushoto, kushoto tena, mpaka mlangoni pa duka la ala.

Mpiga ngoma wa bendi aliiona ile mpya akacheka, "Kipya kinyemi ingawa kidonda." Kongwe ikabaki kwa Risasi. Mwezi haujaisha, transfoma ikafa, na kwa ruhusa ya Breki fundi akaifumua kwa vipuri. Hapo ndipo palipomkaa Breki kooni. Kuibadilisha ni jambo moja. Kuacha ichinjwe ni jingine. Kila kaka alipouliza kwenye simu, "Bado inauma?" yeye alijibu, "Inauma sana," na kila jibu likazidi kuwa zito. Huyu ndiye mtu aliyeuza baiskeli yake ili yeye avae sare ya shule. Alimwachia kitu kimoja tu akitunze.

Ndiyo hiyo wiki ya jasho. Jumanne kinyozi alikuja na ufumbuzi wake: msasa, rangi ya viatu na kikombe cha kahawa. "Tuizeeshe," alisema. "Mimi kutwa nawafanya wazee wawe vijana. Nitashindwa kinyume chake?" Wakaanza kweli. Wakapiga msasa pembe moja, wakapaka rangi ya viatu, wakarudi nyuma kutazama. Ilifanana na kijana aliyejichora mvi kwa chaki.

"Acha," Breki akasema. "Nimeshadanganya neno moja. Sitaki kudanganya sanduku zima."

"Utamwambia nini sasa?"

"Nitamwambia ukweli."

"Lini?"

"Akifika. Nje, kabla hajaingia ukumbini."

Mpango mzuri, ila njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi saa nane Breki alisimama mlangoni akiangalia barabara, naye kaka mtu, aliyeijua mitaa ya nyuma tangu enzi zake, akaingilia jikoni. Breki alipogeuka alimwona ukumbini tayari, mvi tele, begi bado begani, anakwenda moja kwa moja jukwaani. Hakumsalimia mpiga ngoma wala shemeji yake. Alienda kwenye amplifaya iliyokuwa inawaka, akanyoosha mkono polepole, akaligusa bati kwa mgongo wa vidole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akasubiri. Akagusa tena. Akazunguka nyuma, akaufuata waya kwa macho mpaka ukutani, akainama kuitazama plagi ya pini tatu.

"Kaka," Breki akasema, akimfuata jukwaani. "Kaka, shikamoo."

"Marahaba. Hii si ile."

"Si ile."

"Iko wapi?"

"Iliharibika. Fundi ameifumua. Taa ziko kwenye kopo moja, vitufe kwenye jingine. Nilitaka kukwambia, Kaka, mwaka mzima nataka kukwambia. Nisamehe. Ulinipa kitu kimoja tu."

Kaka mtu aliketi juu ya sanduku la spika. Akafunika uso. Breki alipiga magoti mbele yake na gauni lake la kumetameta, tayari kwa lawama yoyote, na ikamchukua muda kuona kwamba yule mtu anacheka huku machozi yanamtoka.

"Imefumuliwa kabisa?" akauliza. "Haiwezi kurudishwa?"

"Haiwezi."

"Asante, Mungu. Oh, asante, Mungu." Akamshika mabega. "Mdogo wangu, ile mashine ilinipiga mara tatu. Mara ya tatu moyo ulisimama. Walinipeleka hospitali, nikakwambia ni malaria. Unadhani niliacha muziki kwa ajili ya kazi ya ghala? Niliikimbia. Na niliona haya, mpiga solo mzima kukimbia kasha la mbao. Kuiuza nikashindwa. Nikakuachia wewe. Nilikuachia chui nikakwambia ni paka, nikakupa na malapa."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuuliza! Kila simu nakuuliza, bado inauma? Nawe unanijibu inauma sana, unacheka!"

Breki alikaa chini sakafuni. "Kaka. Nilidhani unauliza sauti."

"Sauti?"

"Sauti. Inauma. Sisi si ndivyo tunavyosema?"

Wakatazamana. Kinyozi, aliyekuwa amejibanza nyuma ya pazia akisubiri ugomvi uanze ili aamue, akatoa kichwa. Hakukuwa na ugomvi. Kulikuwa na watu wazima wawili wanaocheka mpaka hawawezi kupumua, mmoja na mvi, mwingine na lipstiki imehamia shavuni.

"Simu yako ikilia Jumapili asubuhi," kaka alisema alipopata pumzi, "huwa naiacha ilie kwanza. Naogopa aliyeishika si wewe, ni mtu mwenye habari mbaya za Jumamosi."

Kicheko kikamkauka Breki. Miaka ishirini na miwili ya Jumapili. Akamkumbatia kaka yake, akamkumbatia kwa nguvu.

Nje magari ya harusi yalianza kupiga honi. Mpiga ngoma akajikohoza. Breki alisimama, akajifuta uso kwa kiganja, akavaa gitaa, akapiga vipande vitatu vya wimbo mmoja waliojifunza ukingoni mwa kitanda. Kaka alisikiliza ameinamisha kichwa, mpaka mwisho wa noti ya mwisho.

"Shemeji, ipi nzuri?" kinyozi akauliza. "Sema ukweli."

Kaka alimtazama mdogo wake. "Ile ilikuwa tamu zaidi."

"Najua," Breki akasema.

"Basi iende na utamu wake. Wewe upo."

Breki aliongeza sauti, akawahesabia wenzake moja mbili tatu, na bibi harusi akaingia.