Kitabu Nilisomea Bamama wa Kusuka

Hii hadisi inanionyesha mujinga. Naisema miye mwenyewe, mbele batu ya kwetu Birere bakusemee, juu bale banaongezaka chumvi mupaka samaki inakimbia. Mujinga wa hadisi hakuibiwa, hakupigwa, hakulewa. Alisoma kitabu tu.

Kazi yangu ni kutia telefone moto, kuzichaji. Niko na meza moja, pano ya jua juu ya mabati, na nyuzi nyingi zenye kufungana sawa nywele ya mutu mwenye ameamuka sasa hivi. Meza iko pembeni ya fasi bamama banasukiaka nywele, chini ya bashi ya buluu yenye kuzuia jua na mvua. Kazi ya bale bamama ni ya mikono. Masikio iko bure. Kichwa moja ya kusuka ndogondogo inaweza kuanza asubui na kuisha saa kumi, na mukiliya hawezi kukimbia, juu atakimbia wapi na nusu ya kichwa? Njo maana pale banatafutaka kila mara mutu wa kusema. Ule mutu alikuwa miye. Nilikuwa nabachekesha, na banaleta telefone zao kwangu, haziendi ku meza ingine.

Siku moja mukiliya akasahabu kitabu ku meza. Kitabu ya Kifaransa, ya mapendo, ndogo sawa ile ya misa. Ku ganda yake ya mbele kuko mwanaume amefungua shemizi, anaangalia mbali sawa mutu mwenye kupoteza mbuzi. Miye nilisoma mupaka primere ya sita, kisha masomo na miye tukaachana kwa amani. Lakini Kifaransa ya mapendo haiko nguvu: anapenda, anakatala, analia, anafungua shemizi. Mama mukubwa, mwenye ile fasi ya kusuka, akasema nisome kwa sauti na nigeuze mu Swahili, juu hadisi zangu za kuchekesha alizijua zote. Nikasoma.

Mwanaume wa kitabu alikuwa na nyumba ya byumba kumi na mbili, na farasi, na roho ya kuvunjika. Anakunywa pombe peke yake mbele ya dirisha. Mwanamuke akimupenda, anamufukuza. Bamama bakaanza kuuliza. Farasi inalalaka chumba gani? Nani anapangusaka byumba yote ile? Kisha bakataka kujua ni nini ilimuvunja roho. Nikatafuta, nikafika ku paji yenyewe, nikabasomea: wakati alikuwa mutoto, mama yake hakumubusuka.

Mama mukubwa akaacha kichana hewani.

“Miye mama yangu alinibusuka na mwiko,” akasema. “Funga. Mutu wa byumba kumi na mbili hataniliza miye.”

Balicheka mupaka mukiliya mumoja akavutwa nywele. Na miye nilicheka. Lakini nitasema kweli, ule mwanaume alikuwa amenikamata. Yeye anajifichaka nyuma ya chupa, miye nyuma ya michezo ya kuchekesha, na niliona tunafanya kazi moja. Nilisikia mubaya kumuacha vile, bamama banamucheka.

Kesho yake nikafungua kitabu fasi ileile. Macho yangu ikaangalia Kifaransa, mudomo ikasema bintu ingine. Nikabaambia jana nilisoma mubaya, niliruka paji. Ule mwanaume, wakati alikuwa mutoto, alikimbia vita na mama yake, bakalala mu kambi pembeni ya barabara. Baba yake alikuwa muchuruzi. Alipanda kamio ya mizigo, akasema atarudi na viazi. Kila samdi, ile jumamosi ya soko, mutoto anaenda ku barabara kumungojea. Samdi moja kamio ikapita polepole juu ya mashimo, na baba amekaa juu ya magunia, na mwanamuke mwingine, na mutoto mudogo ku magoti yake. Mutoto wa barabara akainua mukono. Baba akamuona. Akashusha kofia, akageuza uso ngambo ingine. Mutoto akarudi ku kambi na akaambia mama yake: leo kamio haikupita.

Hakuna mwenye alicheka.

Ile kambi ni ya Mugunga. Ule mutoto ni miye. Ile bintu sikuambiaka mutu, hata mama yangu, mwenye mupaka leo anaombeaka baba misa, juu anafikiri alifia mu njia.

Kulikuwa musichana mumoja wa kusuka, kiti yake ilikuwa karibu na meza yangu. Mikono yake inakimbiaka sawa mashini ya kushona. Ile siku mikono ikasimama. Akapangusa macho na mugongo ya mukono, juu vidole ilikuwa imejaa meshi, ile nywele ya kununua. Mukiliya wake akalalamika. Akamusukuma kichwa mbele kidogo, bila asira. Kisha akasema, na hata hakuniangalia:

“Mwanamuke mwenye atamupata ule mwanaume, atamuponya.”

Bon. Mutu mwenye akili angesikia hapo maneno juu ya kitabu. Miye nikasikia barua yenye jina yangu juu.

Tangu ile siku nilisoma kila asubui. Nilimupatia ule mwanaume kila kitu yangu: mvua yenye ilikuwa inaingia mu kambi, sahani moja ya batu wane, jinsi nilijifunza kuchekesha bakubwa ili basiniulize baba eko wapi. Farasi nilimuachia, na mwanamuke wa kitabu mwenye kumupenda nilimuachia pia, juu bila yeye hakuna hadisi. Kitabu ikaisha, nikarudi ku mwanzo, na hakuna mwenye alijua, juu nilikuwa nageuza paji kwa heshima sawa padri.

Na musichana akaanza kuniletea telefone yake. Naangalia: moto imejaa. Hajali. Anaiacha pale, uso chini, pembeni ya kitabu, anarudi ku kiti yake. Sasa weye ungefikiri nini? Miye nilifikiri anatafuta sababu ya kufika ku meza yangu. Nikaanza kupiga shemizi pasi. Nikapunguza michezo. Nikawa naangalia mbali, sawa ule wa mbele ya kitabu, mupaka mama mumoja akaniuliza kama ni minyoo.

Nikapanda Munigi kwa mama yangu, nikamuambia nimepata mutu, aongee na bazee ya familia baende kujionyesha kwao ya musichana. Mama alitoa kikwembe yake, kitenge ya sikukuu, akaipiga pasi, akaikunja, akaiweka juu ya kabati. Kila mara nikifika, namukuta anaigusa. Mupango yangu ilikuwa hii: siku nitamaliza kitabu mara ya pili, nitaifunga, nitamuambia ule musichana kama mutoto wa barabara ni miye. Sikujuaka namna ingine ya kumuambia mutu. Ilibaki paji makumi tatu.

Asubui moja akafika mwanaume mumoja, kijana wa Butembo, muchuruzi, mupole, rozari ku shingo na vumbi ya njia ku viatu. Bamama bote bakasimama. Shemeji, karibu shemeji, ulisafiri vizuri shemeji? Bote balimujua. Nikaanza kuangalia kichwa kwa kichwa ili nione ni bwana ya nani. Musichana akapangusa mikono, akaenda, akamupokea saki yake ya safari. Mama mukubwa akamuuliza bazee yake banaleta mali ya ndoa siku gani, akajibu ni ile juma yenye kuya.

Nikajifanya natafuta nyuzi. Ule kijana akakuya mupaka ku meza, akanikamata mukono na mikono yake mbili.

“Petit, mudogo yangu, ni weye unasomaka? Sauti yako naijua kuliko ya padri yetu.”

Akanielezea kwa furaha, hakuna ubaya ndani. Musichana anafungua telefone, anakamata sauti yangu, anamutumia. Yeye anaisikiliza ku depo yake ya mizigo kule Butembo. Mwanzo alikuwa anaisikiliza peke yake, juu beko mbali na mapendo ya mbali inataka kitu ya kusikiliza pamoja. Kisha bashoferi ya kamio bakaizoea, banakaa juu ya magunia, banabishana. Bamoja banasema baba ni mubaya, bamoja banasema njia ni ndefu na mutu anachokaka. Siri yenye mama yangu hajui, bashoferi ya Butembo banaikatia maamuzi.

“Unisaidie tu kitu moja,” akasema. “Ule papa wa kamio, alijua kama mutoto alimutambua?”

Miye, mwenye jibu ya kila kitu Birere, nikashika uzi yenye haikuwa na telefone. Nikamuambia sijafika ku ile paji.

Wakati musichana alienda nyuma kuosha bichana, nikamufuata. Sikupiga kelele. Nilimuuliza tu kama alikuwa anafikiri ile yote inatoka mu kitabu. Akaendelea kuosha. Yeye amemaliza sekondere, na hiyo sikuijua, juu sikumuulizaka kitu juu yake mwenyewe. Nilikuwa nasema juu yangu tu, na jina ya mwanaume mwingine.

“Siku ya tatu ulienda kutafuta maji,” akasema. “Nikafungua ile kitabu yako. Hakuna kamio ndani. Kuko farasi.”

“Ulijua ni miye. Na ukatuma.”

“Ungeniambia ni weye, ningekufungia ile mambo mu moyo yangu, hata fianse hangejua. Weye ulisema ni kitabu. Kitabu ni ya kila mutu.”

“Na ulisema mwanamuke atamuponya.”

“Nilisema mwanamuke. Sikusema ni miye.”

Akanipatia bichana nimushikie ili akamue taulo, na nikashika. Njo ujinga yenyewe iko hapo: nilisimama na bichana kumi na moja mu mukono, ninangojea amalize.

Ile siku nilipanda Munigi mapema. Mama alikuwa anachagua maharagi mbele ya mulango. Nikamuambia arudishe kikwembe mu sanduku, ule mutu alikuwa na mutu. Akaniangalia murefu, akaniuliza kama nimekula. Nilitaka kumuambia ile ingine pia, ya kamio, mbele sauti yangu imufikie mu telefone ya mutu ku misa. Nikafungua mudomo, ikatoka muchezo juu ya maharagi. Akacheka kidogo. Kikwembe akairudisha yeye mwenyewe, polepole, sawa mutu mwenye kulalisha mutoto.

Sikusoma tena. Kitabu nilirudishia ule mukiliya mwenye aliisahabu, akaniuliza kama nilipenda mwisho, nikasema farasi ni muzuri. Asubui nafika, natia telefone moto, nanyamaza. Musichana alienda kwao kutayarisha arusi. Mu juma mbili bamama balijaribu kila kitu: baliniletea chai, balinitukana, mumoja alinunua kitabu ingine yenye mwanaume wa shemizi ya kufunguka kuliko ya kwanza.

Kile kilikuwa kinaniuma zaidi haikuwa yeye. Yeye nilimudanganya, akanirudishia. Ni bale bote. Zaidi ya mwezi balikuwa bananiona napiga shemizi pasi, naangalia mbali, naweka telefone yake ya kujaa ku moto sawa mutoto muchanga. Na balikuwa banamujua shemeji, na jina yake, na siku ya mali. Mudomo zenye zinasemaka hata mupango ya kuku ya jirani zilinyamaza kwa ile moja tu.

Basi nikauliza mama mukubwa. Alikuwa anamaliza kichwa ya mutoto wa komunyo, hana mukiliya mwingine. Nilimuuliza juu ya nini hakuna hata mumoja alinivuta pembeni aniambie ule musichana eko na bwana. Nilifikiri atasema samahani, ao atasema hakuona.

Akafunga fundo ya mwisho, akakata uzi na meno.

“Tungekuambia, mutoto yangu,” akasema, “ungeacha kusoma.”