Kiuno cha Mwalimu Mkuu

Dada yangu ni fundi cherehani, na ni mwongo. Wanasema njia ya mwongo ni fupi, lakini ya dada imefika mwaka wa tisa na bado anatembea. Mteja akija kupimwa, dada anamzungushia futi kiunoni, macho yanasoma arobaini, mdomo unasema, "Thelathini na tano, mama. Wewe huzeeki." Namba ya mdomo ndiyo inayoingia daftarini. Ya kweli inabaki kichwani mwake mpaka siku ya kukata, na nguo inamkaa mteja vizuri kabisa. Mtaa mzima umejaa wanawake wanaoamini ni wembamba, na wote wanarudi kwa dada, kwa sababu kwa mafundi wengine viuno vyao hupanda.

Mimi tu ndiye niliyesomewa ukweli. Arobaini na moja. Sikuwahi kuionea haya.

Mimi ni yule mama wa kambo. Kama una televisheni unanijua, na huenda umeshanitukana. Kila Alhamisi ninafunga kabati la chakula, naficha ufunguo kifuani, kisha namwambia mtoto yatima, "Umeshiba wewe. Toka." Kabla ya hapo nilikaa miaka kumi na moja nikiigiza majirani wanaobisha hodi na kuondoka, kwa hiyo nilipopewa roho mbaya niliishika kwa mikono miwili. Kuchukiwa ndiyo kazi yangu, na nilichukiwa vizuri. Lakini baadaye watazamaji walichoka kuuchukia ufunguo, wakahamia mwilini mwangu.

Siku moja mwongozaji aliniita, akanisomea kwenye simu maoni ya mtazamaji mmoja, yaliyopendwa na watu elfu nne: "Chakula chote cha yule mtoto kimehamia kiunoni kwake. Tuondoleeni hilo gunia, sisi tunatazama tukiwa mezani." Aliyeandika aliweka na picha yake. Alikuwa ameketi ofisini, ratiba ya vipindi ukutani nyuma yake, kidole shavuni.

"Dada yangu, watu wanalalamika," mwongozaji alisema. "Kabla ya msimu mpya niletee karatasi ya fundi inayosema kiuno thelathini na sita. La sivyo, mama wa kambo atapata ajali ya gari."

Alinipa wiki sita. Nikahamia kwa dada, kwenye chumba cha nyuma kinachotenganishwa na cherehani kwa pazia tu, nikaanza kuishi kwa matango na maji ya moto. Wateja hawakujua kwamba mimi na fundi wao ni tumbo moja. Wiki ya tatu nilianguka katikati ya vitambaa. Dada alinilaza, akaniuliza ni nani aliyesema nipungue. Nikamwonyesha yale maoni na ile picha kwenye simu yangu.

Aliitazama. "Huyu ni mteja wangu," akasema. "Mwalimu mkuu wa shule ya hapo juu." Kisha akarudi kushona. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi dada yangu namjua.

Wiki hiyo hiyo walikuja walimu watano wa shule hiyo, mkuu wao akiwa mbele, kuagiza sare. Shule ilikuwa inatimiza miaka ishirini na tano, na mwalimu mkuu angepanda jukwaani kusoma hotuba mbele ya wageni. Dada aliwakaribisha kwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni, akawapa viti, akawasha televisheni ndogo iliyo juu ya kabati la nyuzi. Yalikuwa marudio ya tamthilia yetu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimejilaza, nikasikia sauti yangu mwenyewe ikimfukuza mtoto mezani.

"Huyu mama ana roho mbaya!" alisema mwalimu wa chekechea.

"Roho tu? Hebu tazama huo mgongo. Kamera yenyewe inachoka kumzunguka."

"Mtoto angepewa hata makombo."

"Kwa tumbo lile?" Hiyo ilikuwa sauti ya mwalimu mkuu, sauti iliyozoea kusikilizwa. "Makombo yatatoka wapi? Mimi nimewaandikia wamwondoe. Mtu anatakiwa ajitunze. Nitazameni mimi."

Wakacheka wote watano. Niliuma mto. Nilitamani kutoka niwararue, lakini miguu haikuwa na nguvu, ilikuwa na matango.

"Vipimo vile vile, walimu?" dada aliuliza, pini mdomoni.

"Vile vile. Mimi sibadiliki."

"Basi niandikieni wenyewe kwenye daftari. Mikono yangu ina mafuta ya cherehani."

Wakaandika mmoja mmoja, bila kufikiri, kama mtu anavyoandika namba yake ya simu. Mwalimu mkuu aliandika kiuno thelathini na nne, akapigia mstari.

Dada alikata vitambaa alasiri hiyo. Kwa kawaida huacha inchi mbili za akiba ndani ya kila mshono, ili nguo iweze kutanuliwa mtu akinenepa. Safari hii aliipunguza akiba mpaka ikabaki ya kushikia uzi tu, na mabaki akayashindilia kwenye mto wa pini. "Ukitaka kuruka, agana na nyonga," alisema, mkasi ukaendelea. Nimeigiza ubaya miaka miwili, lakini sikuwahi kuuona umetulia hivyo. Niliufurahia sana, sitaki kudanganya. Mwongo katika ukoo anatosha mmoja.

Walikuja kuchukua sare saa nane mchana, siku moja kabla ya sherehe. Mwalimu mkuu alikuwa wa kwanza kujaribu. Gauni lilipita mabegani, likafika kiunoni, likagoma. Mwalimu wa hesabu alivuta zipu mpaka akatoka jasho.

"Umenipunja kitambaa, fundi!"

"Tupime." Dada alilitandaza gauni mezani, akampa futi mwalimu wa hesabu. "Soma, mwalimu."

"Kiuno, thelathini na nne."

"Na daftarini?"

"Thelathini na nne."

"Mwandiko wa nani?"

Mwalimu wa hesabu alimwangalia bosi wake, kisha akaangalia sakafu. "Wa mwalimu mkuu."

"Sasa mpime na mwenyewe."

Futi ilizunguka. Mwalimu wa hesabu akanong'ona kitu.

"Kwa sauti," dada alisema. "Kama darasani."

"Thelathini na tisa."

Wale wengine watatu walikuwa wamekumbatia magauni yao kifuani, hakuna aliyethubutu kujaribu. "Litanue!" mwalimu mkuu alisema. "Kesho napanda jukwaani!"

"Halina akiba, mwalimu. Miaka tisa nimekuwa nawadanganya kwa huruma. Huruma imeisha, mmeimaliza mkitazama televisheni."

Hapo nikafungua pazia. Walinitambua wote kwa pamoja, nikaona mwalimu mkuu akitafuta pa kuweka uso. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nilikuwa nimetunga hotuba ndefu, lakini niliishia kutumia sauti ile ya Alhamisi.

"Umeshiba wewe," nikamwambia. "Toka."

Kesho yake alisoma hotuba akiwa na gauni la zamani, na wenzake wanne nyuma yake kila mmoja na rangi yake. Walihamia kwa fundi mwingine, wakasomewa futi kwa ukweli, na baada ya miezi miwili wanne walirudi kwa dada kimya kimya.

Kiuno changu je? Jioni ile walipoondoka, dada alinipima. "Thelathini na sita," akasema. "Umefika. Njoo ule." Nilikula nikilia. Sketi zangu zilikuwa zinanidondoka, kwa hiyo niliamini. Mwongozaji alisoma karatasi ya fundi, akanitazama juu mpaka chini. "Naona tofauti!" akasema. "Hasa ubavuni." Tukarekodi msimu wote mpaka mwisho, na mama wa kambo hakupata ajali yoyote.

Kipindi cha kwanza kiliporushwa, mwalimu mkuu aliandika tena: "Angalau sasa amepungua, anatazamika. Kumbe kusemwa kunasaidia."

Nilimpelekea dada simu, damu inanichemka. Alisoma, akacheka mpaka pini zikamtoka mdomoni. Kicheko kile sikukielewa. Nikachukua futi, nikajipima mwenyewe kwa mara ya kwanza maishani. Arobaini na moja.

"Tangu lini unanidanganya na mimi?" nikamuuliza.

"Tangu siku ile ulipoanguka. Sketi zako nilizitanua zote. Ungekufa ukitafuta namba, mdogo wangu, na namba ninazo mimi."

Nilimkasirikia kwa muda wa pasi kupata moto. Kisha nikaizungusha futi kiunoni tena, nikamwomba anipige picha namba ikionekana wazi, nikaiweka chini ya maneno ya mwalimu mkuu. Nikaandika: "Asante, mwalimu. Ni arobaini na moja, ile ile ya gunia. Wewe bado ni thelathini na nne?"