Tayari ya Kiatu Kimoja

Dada yangu haliamini neno "tayari", na wa kulaumiwa ni mimi. Tulikuwa watoto watano, yeye mkubwa, na kila asubuhi ndiye aliyetupanga mlangoni kwenda shule. "Mko tayari?" Mimi, kitinda mimba, nilijibu "tayari!" kabla ya wote, kiatu kimoja mguuni, cha pili sijui kiko wapi. Wenzangu wanatoka nje, wanasimama juani na mikoba mgongoni, wananisubiri mimi niliyewahi kusema niko tayari.

Leo dada ni mwongoza ndege. Si zile zilizo angani. Hizo zina watu wengine, wenye viti vizuri zaidi. Yeye hukaa mnarani akiongoza zilizo chini bado: ipi itoke maegeshoni, ipi ipite, ipi imngoje mwenzake. Mimi nilikuwa dereva wa trekta la kusukuma ndege, kwa sababu ndege, pamoja na majivuno yake yote, haijui kurudi nyuma.

Sasa nieleze upuuzi wenyewe, maana hata leo nikiukumbuka napandwa na hasira. Kampuni za ndege hupimwa kwa kuondoka kwa wakati, na kuondoka, kwa wakubwa wetu, ni gurudumu kuzunguka. Ndege ikisogea tu kutoka maegeshoni, inaandikwa imeondoka, hata kama itakwenda kusimama kwenye foleni ya kuruka dakika arobaini huku injini zinanguruma. Basi kila rubani akaona heri aseme "tayari" mapema, awahi nafasi. Mizigo bado inapakiwa, yeye tayari. Abiria wawili hawajulikani waliko, yeye tayari. Ikifika saa moja asubuhi unakuta ndege kumi na mbili zimepangana, zinachoma mafuta kwa kazi ya kusimama. Nani husimama kwa mafuta? Mtu akiacha gari linanguruma nje ya duka dakika arobaini, mkewe atamuuliza kama ana akili timamu.

Dada alivumilia miaka minane. Mwishowe akaandika mpango, ukurasa mmoja tu. Ndege tatu zikiwa kwenye foleni, ya nne ibaki maegeshoni, injini zimezimwa, itoke ikiitwa. Zamu yake haipotei. Hata kinyozi ana mpango huo: wateja hukaa kwenye benchi, hawasimami wote mbele ya kioo.

Mkuu wa kiwanja aliukalia ukurasa huo mwezi mzima, kisha akampa siku tatu za majaribio. Siku tatu!

"Ukifaulu, itakuwa kanuni," alisema. "Ukituletea msongamano, utatusaidia kwenye chumba cha kumbukumbu."

Chumba hicho kina mafaili na taa moja, dirisha hakina. Dada alirudi nyumbani siku hiyo akakaa kibarazani bila kuvua viatu, na nilijua anaogopa.

Siku ya kwanza marubani walilalamika redioni hadi wakachoka wenyewe. Yeye aliwajibu mmoja mmoja: "Uko tayari kweli, au tayari ya mdomo? Mbona naona gari la mizigo bado liko ubavuni mwako?" Kufikia saa tatu walikuwa wameshambatiza jina, Mama Zima. Lakini foleni haikuzidi ndege tatu, na kwa mara ya kwanza niliongea na mwenzangu uwanjani bila kupiga kelele. Siku ya pili ndege zote za asubuhi ziliruka mapema kuliko wiki iliyotangulia. Nilijivuna kama vile mpango ni wangu.

Siku ya tatu, saa moja na robo, akanijia Bwana Dakika. Huyu ni msimamizi wa kampuni mojawapo pale maegeshoni, na jina hilo tulimpa kwa kuwa huitazama saa yake zaidi kuliko anavyomtazama mtu. Ndege yake ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili kabla ya kuitwa.

"Sogeza mita moja tu," akaniambia. "Iandikwe imeondoka, halafu usimame."

"Mnara haujaruhusu, bosi."

"Mita moja nayo unaiombea ruhusa? Leo umekuwa mtawa? Si siku zote unasogeza?"

Hapo akanipata, maana ni kweli. Miaka sita nilikuwa nikisogeza hiyo mita moja, na dada sikuwahi kumwambia. Rubani akaachia breki; naye ana saa yake ya kuogopa. Nikasukuma. Ila mita moja ya Bwana Dakika haijawahi kuwa mita moja. Ikawa nane, mkia ukaingia kwenye njia wanayopita wengine. Nikashtuka, nikakanyaga breki ghafla, na pini ya chuma cha kusukumia ikakatika. Ndege ikabaki pale, si ndani si nje.

Redio ikaita. "Trekta namba nne, nani amekuruhusu kusogeza?"

"Nilidhani..."

"Sijakuuliza ulichodhani."

Ilikuwa sauti ile ile ya mlangoni, ya zamani. Mpaka pini mpya ilipopatikana, ndege saba zilikuwa zimekwama nyuma ya mkia ule dakika thelathini na tano.

Mchana tukaitwa kwa mkuu. Bwana Dakika alikuwa ameshaandika taarifa yake: trekta lilisogea lenyewe kwa ubovu wa breki, na msongamano ulisababishwa na mpango mpya wa kurundika ndege maegeshoni. Mkuu akaisoma, akaikunja.

"Basi tumejionea. Turudi kwenye utaratibu wetu. Au una la kusema, mama?"

"Ndege ilisogea bila ruhusa yangu," dada alisema. "Dereva yuko hapo mlangoni. Muulizeni yeye."

Hakunigeukia. Nilimkasirikia, nasema kweli. Angenitaja yakaisha! Kwa nini anitwishe mimi? Njia rahisi ilikuwa wazi mbele yangu: niseme breki mbovu, nibaki na trekta langu, naye aende kwenye chumba kisicho na dirisha. Hakuna ambaye angejua, isipokuwa yeye.

"Breki ni nzima, mzee," nikasema. "Niliambiwa nisogeze, nikasogeza. Na si leo tu, nasogeza miaka sita. Hizo ndege mnazoandika zimeondoka kwa wakati, nyingi zilikuwa bado zinapakia mizigo."

Mkuu alivua miwani. Bwana Dakika akaitazama saa yake, sijui akitafuta nini humo.

Dada akapewa siku tatu nyingine, na safari hii wakaandika saa ya kuruka, si ya gurudumu kuzunguka. Ikawa kanuni. Marubani waliombatiza Mama Zima sasa wanajisifu kwa mafuta wanayookoa, utafikiri wao ndio waliobuni. Bwana Dakika alipata barua ya onyo, na naamini aliipokea kwa wakati. Mimi nilinyang'anywa kibali cha kuendesha miezi sita. Na nadhani unajua walinipeleka wapi. Taa yenyewe inamemeta.

Dada hakunisemesha majuma mawili. Halikumuuma kosa la asubuhi ile. Kilichomuuma ni ile miaka sita. Kila jioni nilipita kwake, wifi yake, yaani mke wangu, akaingia kusalimia, mimi nikabaki nje kama mdeni.

Jumapili iliyopita tulikuwa twende kwa mama, na gari ni la dada. Simu ikalia.

"Niko nje kwako," akasema. "Uko tayari?"

Neno lilishafika ulimini. Nikatazama chini, kiatu kimoja mguuni, cha pili sijui kiko wapi.

"Bado, dada," nikasema. "Nimevaa kimoja."

"Haya, kitafute taratibu," akasema. "Nimeshazima injini."