Nilimzika Mama Mkwe Wangu Simuni, Naye Yuko Jikoni Anakaanga Sambusa

Nimekosa, jamani. Nasema mapema kabla hamjaniuliza: kosa ni langu, si la mtu mwingine, wala shetani simsingizii. Nilimuua mama mkwe wangu mtarajiwa. Nikautangaza msiba, watu wakaja kumlilia, na mwenyewe yuko jikoni anakaanga sambusa.

Najua mnacheka. Chekeni tu. Hata mimi nitacheka, nikishaoa.

Mimi ni kijana wa Tanga, niko hapa Dubai, nafanya kazi ya kompyuta kwenye hoteli moja kule Marina. Kompyuta ya mapokezi ikigoma, naitwa mimi. Kutengeneza tovuti nilijifunza mwenyewe, na hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Aliyefundishwa na mwalimu huwa ana wa kumkosoa. Mimi nilijifundisha, nikajitahini, nikajipa na alama zote.

Mchumba wangu nimwite Rahma, si jina lake. Mama yake nimwite Bi Zuhura. Ni Mzanzibari wa siku nyingi hapa mjini, ana jiko lake nyumbani kwake Deira. Anapika pilau, sambusa, vitumbua, mkate wa kumimina. Wateja wake ni watu wetu: walinzi wa maghorofa, dada wa kazi za ndani, wahudumu wa mahoteli. Waganda na Wakenya wanamwita Mama Pilau, na yeye anajifanya hapendi.

Posa nilishapeleka ikapokelewa. Kilichobaki ni Mjomba Hamisi aje kutoka Tanga, akae na Bi Zuhura, wapange siku ya ndoa. Basi! Kazi ndogo namna hiyo, na mimi nikaiharibu.

Bi Zuhura alikuwa na tovuti ya kuagizia chakula, ya zamani, iliyotengenezwa kwa ajili ya kompyuta. Kwenye simu herufi zake ni sisimizi watupu. Mlinzi yuko mapumziko, ana njaa, inabidi aipanue kwa vidole viwili. Akilipata jina la chakula, bei imekimbilia nje ya kioo. Akiifuata bei, chakula kimepotea. Mapumziko yanaisha bado anatafuta sambusa.

"Mwanangu," Bi Zuhura akaniambia, "wateja wangu wanaumwa na macho. Hebu n'tengenezee hilo duka la simuni lisomeke. Mtu asome kajilalia zake, asihangaike."

Nilijua huo ni mtihani. Nikamwambia, "Mama, hesabu imekwisha." Yaani hata sijaanza, nishasema imekwisha!

Sasa sikilizeni nilivyojichimbia kaburi mwenyewe.

Nilisoma mahali kwamba kioo cheupe kinachosha macho. Nikaupaka ukurasa wote rangi nyeusi, macho ya watu yapumzike. Nikawakumbuka dada zetu wa majumbani, ambao madam mwenye nyumba hawapi wifi na bando lao ni la kubana. Picha ya rangi ingewamalizia bando, kwa hiyo nikaiondoa rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe. Picha yenyewe ni ile ya Bi Zuhura kajitanda mtandio, katulia, anatazama mbali. Nikaiweka juu, katikati. Chini yake jina lake kamili kwa herufi nyeupe.

Kisha nikafika kwenye salamu. Hapa mnisamehe, maana hapa ndipo pananiuma.

Bi Zuhura alikuwa amemwandikisha Rahma salamu ndefu za wateja. Anawauliza hali, anawauliza wazee waliowaacha nyumbani, anawaombea walio kazini juani, ndipo anasema leo jikoni kuna nini. Mimi nikasema, nani ana muda wa kusoma gazeti hili kwenye simu? Nikakata. Nikakata salamu za mama wa watu kama ninayepogoa mchongoma! Nikabakiza mstari wa mwisho tu, kwa kuwa ulikuwa mfupi na mtamu: "Asanteni kwa miaka yote mliyokuwa nami. Mungu awalipe kheri."

Vyakula, bei, namba ya simu, vyote nikavikunja ndani ya vile vistari vitatu vya pembeni. Ukivigusa, orodha inafunguka. Simu yangu ni kubwa kama sahani ya biriani, nikavigusa, ikafunguka. Safi kabisa.

Hebu rudini juu muutazame huo ukurasa. Mweusi. Picha haina rangi. Jina kamili. Asanteni kwa miaka yote. Wallahi mimi sikuona! Mimi niliona usomaji wa raha mustarehe.

Rahma aliniuliza, "Umemwonesha mama?"

"Nataka nimshtukize."

"Umeijaribu kwenye simu nyingine?"

"Rahma, simu ni simu."

Msichana wa watu akainuka, akaendelea na kazi zake, na mimi nikadhani ameridhika.

Alhamisi mchana nikaifungua tovuti, nikawatumia wateja wote kiungo. Jioni nikakaa naangalia wanaoingia. Wanamiminika! Mtu anaingia, anakaa, anatoka, anarudi tena. Anayeagiza hakuna. Nikampigia Rahma kwa furaha: "Unaona? Wameacha hata kuagiza, wanafurahia kusoma!"

Kumbe wenzangu wanalia. Na waliopiga simu kuulizia hawakujibiwa, kwa sababu Bi Zuhura akianza kazi ya Ijumaa simu anaifungia chumbani. Simu ya mtu haipokelewi, picha yake iko kwenye weusi, mtakwenda kuuliza nini tena?

Ijumaa baada ya swala nikaenda kwa Bi Zuhura na Mjomba Hamisi, aliyetua asubuhi ile ile. Tumevaa kanzu mpya, kofia za kushonwa kwa mkono, udi mpaka kwenye visigino. Kwenye lifti tukakuta watu. Kulikuwa na Moses, mlinzi Mganda wa pale Marina, bado na sare, kabeba mfuko wa sukari. Kulikuwa na Wanjiku, dada wa kazi kutoka Kenya, kajifunga leso nyeusi kichwani. Na Mwarabu mmoja mama mtu mzima, jirani wa ghorofa ya juu, na sahani ya tende. Wote wameinamisha vichwa.

Nikasema moyoni, tazama heshima hii! Wamekuja kushuhudia siku yangu ikipangwa. Nikawasalimia kwa bashasha, meno yote nje.

Moses akanishika mkono, hauachii. "Brother," akasema, "jikaze. Mama alikuwa mutu muzuri sana. Sisi kwa accommodation tumelia yote."

"Ahsante, ahsante," nikajibu. Nilidhani Waganda ndivyo wanavyopongeza.

Mjomba Hamisi akaniinamia sikioni. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Mjomba. Ni watu wa hapa, wana adabu nyingi."

Tukafika mlangoni. Nikabonyeza kengele. Mlango ukafunguliwa na Bi Zuhura mwenyewe, kanga kiunoni, unga puani, mwiko mkononi.

Wanjiku alipiga ukelele ambao nadhani ulifika Sharjah. "Woiye! Mathe ndiye huyo! Mathe ndiye huyo!" Akarudi kinyumenyume, akamwangukia Mjomba Hamisi, na kofia ya Mjomba ikaenda kwenye sahani ya tende. Yule mama wa Kiarabu anasema bismillah, bismillah, bila kumeza mate. Moses kasimama wima kama yuko lindoni, machozi yanamtoka, kakumbatia sukari.

"Kuna nini?" Bi Zuhura akauliza. "Kafa nani?"

Moses akatoa simu yake polepole, kioo kimepasuka pembeni, akamwonyesha.

Bi Zuhura aliitazama sana. Kisha akanitazama mimi.

"Huyu mie?" akasema. "Lahaula! Mbona nishazikwa na sijapewa habari?"

Aliwaingiza wote ndani, akawakalisha, akawawekea sambusa. Kisha akavuta kiti, akakaa katikati yao. "Haya. Mmekuja kunililia, nililieni n'sikie. Msinifiche."

Jamani! Moses akasema mama alikuwa na roho nzuri, ila pilipili yake ilishampeleka mtu kliniki. Wanjiku akasema mathe alimpa chakula bure mwezi wote ule aliokimbia kwa madam wake, na hajawahi kumwambia mtu, na yeye hajawahi kurudi kusema asante. Hapo hata Bi Zuhura alijifuta macho, akasingizia kitunguu.

Katikati ya hayo Rahma akatoka chumbani na simu ya mama yake. Anayepiga ni dada wa Bi Zuhura kutoka Unguja, kiungo kimemfikia na yeye. Kilio kimejaa mpaka uani, hitima inaanza alasiri, mbuzi kashachinjwa.

"Mbuzi kachinjwa?" Bi Zuhura akasema simuni. "Basi mleni. Lakini msinisomee!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nikadhani nimeokoka. Mjomba akakohoa kidogo, akaanza kusema tumekuja kwa lile jambo la kheri. Bi Zuhura akainua mwiko.

"Kwanza kijana aniambie. Imekuwaje?"

Hapo ndipo kosa langu hasa lilipo. Yale ya kwanza ulikuwa ujinga. Hili lilikuwa uovu. Badala ya kusema nimekosa, nikasema, "Mama, tovuti haina tatizo. Tatizo ni simu zao. Simu za zamani, vioo vidogo. Hawakugusa vile vistari."

Nilisema hivyo mbele yao. Watu waliokuja na sukari na tende kumlilia mama yangu!

Moses akairudisha simu yake mfukoni taratibu, kama mtu anayeficha nguo iliyochanika. Nikaiona aibu ikimpata yeye, na mwenye aibu ni mimi. Nilitamani sakafu ipasuke.

Rahma akaja mbele yangu, akaniwekea ile simu ya mama yake mkononi. "Na hii pia ni ya zamani," akasema.

Miaka yote niliyokula pilau la yule mama, sikuwahi kuishika simu yake. Ilikuwa ndogo, na yeye macho hayamsaidii, kwa hiyo herufi kaziongeza mpaka mwisho. Nikaufungua ukurasa wangu. Vile vistari vitatu havikuwepo kabisa! Herufi zilikuwa zimevisukuma nje ya kioo. Ilikuwapo nusu ya uso wake, weusi, na asanteni kwa miaka yote. Hata mimi ningekwenda kununua sukari.

"Mie sina ugomvi na wewe," Bi Zuhura akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole, bora angenipiga na mwiko. "Lakini nimpe mwanangu mtu aliyeniua? Tena akaulizwa, akawasingizia wafiwa?"

Mjomba Hamisi alirudi Tanga bila siku. Njia nzima kwenda uwanja wa ndege alisema neno moja tu: "Vistari!" Oda za Idd zilikwenda kwa mpishi mwingine, maana habari ya kifo inakimbia kuliko habari ya kufufuka. Mpaka leo kuna watu wakimwona Bi Zuhura sokoni wanavuka barabara.

Sharti akanipa. Ndoa itazungumzwa siku atakayoisoma tovuti hiyo mwenyewe, kwa simu yake, bila miwani, bila kumuuliza mtu, na aagize chakula.

Nilianza kwa Moses. Nilimfuata kwenye nyumba wanayolala walinzi, nikamwomba radhi mbele ya wenzake. Akaniangalia, akasema, "Khalas, brother, yameisha. Sasa kaa chini, uone vile sisi tunasoma." Nikakaa kwenye zulia, wakanipa simu zao, moja moja. Nikaona wanavyoishika kwa mkono mmoja, kidole gumba ndicho kinachofanya kazi zote. Wakanionyesha wanavyosogeza kioo kwenye kivuli wakiwa juani, ili kisomeke. Mambo ambayo sikuwahi kuyafikiria, na najiita fundi!

Nikaurudisha weupe. Nikaweka picha ya rangi, lakini nyepesi isiyomaliza bando, Bi Zuhura anacheka, sinia mkononi. Namba ya simu juu kabisa. Vyakula waziwazi, hakuna cha kufunua. Na salamu zake nikazirudisha zote, neno kwa neno, hata pale anapouliza wazee. Moses anasema watu huzisoma hizo kwanza, chakula baadaye. Ugenini, nani mwingine anakuuliza hali ya mama yako?

Kila nikimpelekea Bi Zuhura aliisoma kidogo, akanirudishia. "Bado." Nikaenda, nikarudi. "Bado." Nilishazoea.

Juzi nikiwa kazini, oda ya tovuti ikaingia simuni mwangu. Nikaifungua bila kutazama jina. Pilau, sinia kubwa. Mteja: Zuhura. Na pale chini, kwenye nafasi ya maelezo, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe: "Liwe la harusi. Muuaji aje na mjomba wake. Sukari aliyoiacha Moses ipo."

Nililia pale mapokezi mpaka sir, msimamizi wetu, akanipa ruhusa ya kwenda nyumbani, akidhani nimefiwa.

Ndugu zangu mnaotengeneza mambo ya kusomwa na watu, nawasihi. Kabla hamjaionyesha dunia, muonyesheni mama, na iwe kwenye simu yake, si yako. Ukiambiwa haisomeki, usiitukane simu ya mtu. Na salamu usizikate! Mtu asiyesalimia, kwetu sisi, ama ana kiburi ama keshakufa.

Mjomba Hamisi kashakata tiketi. Ila amesema safari hii kwenye lifti tukikuta mtu na sukari, yeye anashuka.