Nyavu za Chumba cha Nyuma

Awuor alipofungua tena duka la nyavu la baba yake pale Kirumba, jirani na mwaloni, mitumbwi inaposhushia samaki, watu walimpa miezi mitatu. Si kwamba walimchukia. Walimwonea huruma, jambo ambalo yeye aliliona baya zaidi. Duka lilikuwa limefungwa miaka saba, tangu mama yake, Agutu, alipofariki, na panya walikuwa wameshahamia kwenye maboya. Awuor akaacha kazi yake ya cherehani mtaa wa Mabatini, akafagia, akapaka rangi, akaleta kamba na marobota mapya ya nyavu, akaanza kazi.

Kazi yenyewe ni hii: wavu ukitoka kiwandani haujui kuvua. Lazima ufungwe kamba juu na chini, maboya huku, risasi za kuzamisha kule, fundo moja baada ya jingine, na ukikosea nafasi samaki wanapita wakikucheka. Kwa kazi hiyo Mzee Ojwang, baba yake, alivuma kuanzia Kirumba hadi visiwani. Awuor aliifanya mchana kweupe, mlangoni, wavu ukiwa mapajani.

Hapo ndipo alipojiharibia. Wavuvi wa huku wana mwiko wao: mwanamke haruki wavu, na wengi hawataki hata aushike. Habari ilizunguka mwaloni kabla ya chai ya saa nne. Wanunuzi wa kamba waliendelea kununua kamba. Nyavu hakuna aliyezigusa.

Kaka yake Gidion, aliyekwisha kupata mpangaji wa kuuza simu mle dukani, alimpa hadi Krismasi. Kisha, kwa kuwa si mtu mbaya, akampa na ushauri.

"Mdogo wangu, tafuta mwanaume akae mbele. Wewe shona kule nyuma, nani atajua?"

"Sishoni nyuma," Awuor alisema. "Nyuma nimekaa vya kutosha."

Gidion hakuelewa, maana miaka ile alikuwa shule ya bweni. Aliyekaa chumba cha nyuma utotoni, mlango umefungwa, ni Awuor, akimjazia mama yake uzi kwenye sindano. Agutu ndiye aliyeshona. Kila wavu uliosifiwa kwa jina la Ojwang ulitoka mikononi mwa mkewe. Ojwang aliubeba mbele na kupokea sifa. Duka halikufa kwa uzee wa mzee, kama watu walivyosema. Lilizikwa pamoja na Agutu.

Mzee mwenyewe alikuja kila asubuhi na kukaa kwenye benchi. Mara moja tu Awuor alimwomba.

"Baba, waambie."

"Unataka nichekwe mwaloni kwa umri huu?"

Hakumwomba tena. Alimkasirikia, akampa uji wake, akaendelea kufunga mafundo. Kufika Desemba rafu zilikuwa zimejaa nyavu zisizo na mnunuzi, naye alikuwa anaanza nyingine. Watu wakasema sasa akili zimemruka.

Wiki moja kabla ya Krismasi akaja Maige, mwenye mitumbwi sita, na wavu mkuukuu begani.

"Shikamoo, Mzee Ojwang."

"Marahaba."

"Huu ulinishonea miaka kumi iliyopita, na bado unazishinda nyavu zangu zote mpya. Umechanika hapa. Nataka mkono wako, mzee, si wa mwingine." Hakumtazama Awuor hata kidogo.

Mzee alichukua sindano. Akaigeuza, akaipitisha pasipo pake, akachomoa, akarudia. Akakosea tena.

"Ni uzee tu, baba yangu," Maige alisema kwa upole. "Tunaelewa."

Mzee angeitikia tu, mambo yangeishia hapo. Awuor aliacha kushona, akamkazia baba yake macho.

"Si uzee," mzee alisema. "Sijawahi kujua. Alishona mama yake huyu. Huu, na zote ulizowahi kununua hapa. Mimi nilikuwa nabeba tu."

"Mwanamke?"

"Agutu. Na samaki umepata."

Maige aliutazama wavu wake. Kisha akauinua, akauweka mapajani mwa Awuor kwa mikono yake mwenyewe.

"Nishonee na mpya sita," alisema. "Za matundu ya inchi saba. Nazitaka kabla ya mwaka mpya."

Akinunua Maige, wengine wangefuata; duka lilikuwa limepona, na Awuor alilijua hilo. Lakini machozi yaliyomtoka yalikuwa ya hasira. Mama yake aliyasubiri maneno yale maisha yote ya ndoa yake, na yamekuja kusemwa yeye akiwa kaburini. Awuor hakumshukuru baba yake. Alitafuta palipochanika, akaanza kushona.